Karatasi za Kaki na Mzee Nungunungu

Mwende mwanangu,

Salamu sikupi, maana tumeonana asubuhi hii hii ukanilalamikia kwamba uji una mabonge. Ulikuwa na mabonge kweli. Mtu anayemwoza binti kesho asiulizwe habari za uji.

Nakuandikia ukiwa umeenda kutengenezwa nywele. Nimejificha chumbani nyuma ya pazia, nimekalia debe lililogeuzwa, karatasi nimeiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Sebuleni wamejaa watu wa kutoka Kangundo, na mjomba wako mmoja, sitamtaja jina, amelala kitini na anakoroma mpaka kuku waliofungwa jikoni wanamjibu. Mwenzangu humu chumbani ni Ndinda peke yake. Musau mchumba wako amemleta huyu binti yake mapema ili apimwe gauni la kumwaga maua. Akapimwa, akalivua, akalikunja vizuri kabisa, akamrudishia fundi bila neno. Sasa amekaa juu ya sanduku lako, miguu haigusi sakafu, ananitazama nikiandika. Ana miaka minane na tangu afike hajasema hata "maji".

Sitakuandikia habari za chumvi, wala za mume, wala za kukaa na watu vizuri. Shangazi zako wamekuja na mzigo mzima wa mawaidha hayo na jioni watakufungia mlango wakupakulie mpaka ushibe. Wasikilize, tikisa kichwa, na usipige miayo mbele ya shangazi mkubwa. Mimi nataka kulijibu swali lako la Alhamisi.

Ulikuwa unaosha vyombo, umenipa mgongo, ukasema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mama, nikifika Voi nimwanzishie Ndinda na kitabu gani? Kile cha pili, ama kile cha kumi na moja?" Nikasema nitafikiria. Ukacheka, ukaniambia hicho si kitu cha kufikiria. Aka! Nimekifikiria nikichagua mchele, nimekifikiria kanisani pasta akihubiri. Kwa sababu najua hukuwa unauliza habari za vitabu. Wewe unaogopa. Mwaka mzima umekuwa ukienda kumwona Musau na mtoto wake, na mtoto huyo hajawahi kukuita jina lolote. Kesho kutwa utaamka katika nyumba yake, umeshika sufuria za marehemu mama yake, na unaogopa kwamba atakukataa. Ukaja kwangu kwa kuwa mama wa kambo unayemjua ni mimi. Woi, mwanangu, umechagua mwalimu! Hakuna kosa la mama wa kambo ambalo sikulifanya, na mengine niliyarudia ili nihakikishe.

Vile vitabu unavijua kuliko mimi, lakini acha nianzie vilikotoka, maana ulikuwa mdogo. Baba yako alikuwa dereva wa familia moja ya Wazungu huko Lavington. Walipofunga mizigo kurudi kwao, watoto wao wakamwachia katoni ya vitabu kumi, hadithi moja ndefu ya wanyama wanaoishi chini ya kilima. Wana mfalme, wana jeshi, wana mashua, na wanakunywa chai saa kumi kama maafisa wa serikali. Namba zilianza mbili zikaishia kumi na moja. Namba moja haikuwemo, na mpaka leo macho yetu hayajaiona. Mama yako mzazi, Syombua, Mungu amlaze pema, alikuwa mwalimu wa nasari na Kizungu chake kilikuwa safi. Hakupoteza wakati kuililia namba moja. Alifungua ya pili, akawa anasoma Kizungu kwa macho na kukutolea Kiswahili kwa mdomo, nawe umelala ubavuni kwake. Mlikuwa katikati ya kitabu cha tano alipopelekwa hospitali, na hakurudi.

Mimi nililetwa hapa mtaani Jericho mwaka uliofuata. Niliingia na sanduku la bati, jiko la mkaa na kiburi cha mtu ambaye amelea wadogo zake sita na anajua watoto wote ni wamoja. Ukanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. Kisha ukakohoa, ukatoka nje. Nikadhani una kifua. Nikakuchemshia tangawizi!

Kumbe lilikuwa jina langu. "Mama" hukutaka kunipa, "shangazi" si mimi, na kuniita kwa jina ungechapwa, basi ukipata shida ulikuwa unakuja unasimama mlangoni na kukohoa. Ukikohoa mara moja, una njaa. Mara mbili, mtu wa maziwa amekuja. Wageni walikuwa wakimwambia baba yako, "Huyu mtoto apelekwe kliniki," naye anajibu, "Atazoea tu." Hayo ndiyo yalikuwa mashauri yake yote katika jambo hili, na hadi leo ukimuuliza atakuambia yalifaulu.

Nikaanza kukuhonga. Nilikukaangia mandazi ya umbo la sungura, masikio na yote. Yalipoingia kwenye mafuta yakafura, masikio yakamezwa, yakatoka vitu ambavyo hata mbwa wa jirani alivizunguka kwanza kabla ya kula. Mama Akinyi wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kukosa shauri hata akiwa mgonjwa, akaniambia, "Mtoto wa kike hashikwi kwa tumbo, anashikwa kwa kichwa. Msuke." Nikakusuka. Nilitaka ukae nadhifu, nikakaza, nikakaza, na ulipoinuka macho yako yalikuwa yamevutika hivi, ukashindwa hata kuyafumba vizuri. Ulikwenda shule ukionekana kama mtu aliyeshtuliwa. Ukarudi, ukakohoa mara tatu. Nikakufumua.

Ndipo nikaikumbuka ile katoni iliyokuwa chini ya kitanda. Nikasema, hapa ndipo penyewe, nitamsomea. Nikachukua namba mbili, nikaanza mwanzo kama inavyotakiwa, maana mimi ni mtu wa utaratibu. Sikumaliza hata ukurasa. Ukasema, "Tulishapita hapo."

Hayo yalikuwa maneno yako ya kwanza kwangu na nilifurahi kama nimetukuzwa. Nikarudisha namba mbili haraka haraka, nikachomoa namba tano. "Sawa, basi tuendelee pale mlipofika."

"Hapana," ukasema. "Tunamngoja mama."

Mwende, nililisikia neno hilo na nikalipita. Nilidhani ni mtoto anaongea kwa uchungu, kama vile sisi watu wazima tunavyosema marehemu ametutangulia. Sikuuliza. Nilikuwa na shughuli kubwa ya kutaka kupendwa, na mtu mwenye shughuli hiyo hasikii vizuri.

Nikaamua kama hutaki kusomewa, angalau nitaonyesha heshima kwa vitabu vya mama yako. Na mtu wa Jericho akitaka kukiheshimu kitabu anafanyaje? Anakivisha kaki. Nilikwenda dukani nikanunua karatasi za kaki, ngumu, zile za kufunikia vitabu vya shule, na kwa kuwa kazi nusu nusu siipendi, sikukunja pembe tu kama watu wengine. Nilipika gundi ya unga wa ngano nikazibandika. Jumamosi nzima! Mama Akinyi alipita akasema, "Hivyo vitabu vimependeza kuliko maharusi." Nilivipanga mezani vyote kumi, vimenyooka kama askari wa gwaride, nikarudi nyuma hatua moja nivitazame vizuri. Ndipo nikakumbuka kwamba namba zilikuwa kwenye majalada, na majalada yalikuwa chini ya kaki, na kaki ilikuwa imeshakauka.

Baba yako akaja akanikuta nimeshika kichwa. "Si ufungue ndani uangalie?" Nikafungua. Ndani kulikuwa na jina tu, namba hakuna, na majina yote yalikuwa ya kilima hiki na kilima kile. Akasema, "Basi andika namba juu, nani atajua?" Ni mtu mwema baba yako, lakini akiona shimo huweka mkeka juu. Na mimi, badala ya kumpinga, nikachukua kalamu. Nilikadiria kwa unene. Chembamba kikawa mbili, kinene kikawa kumi na moja, vya katikati nikavipanga kwa kimo kama watoto wa darasa la kwanza. Ninapoandika hapa nacheka peke yangu, na Ndinda amenikazia macho kama wewe zamani.

Gundi yenyewe, nisisahau, iliwaita mende wa blok nzima. Walikula pembe za vitabu viwili kabla sijajua kwamba nimewaandalia karamu.

Sasa ikatokea ukaugua mafua makali, safari hii ukakohoa kikohozi chenyewe, na ukalazimika kulala. Mchana, mvua inanyesha, baba yako yuko kazini, wewe umefunikwa blanketi mbili huwezi kunikimbia. Nikasema nafasi kama hii hairudi. Nikatoa kitabu nilichokuwa nimekiandika tano. Ukageuka ukutani. Nikaanza kusoma hivyo hivyo, nikiuambia mgongo wako.

Kizungu changu ni cha darasa la saba la Machakos, unakijua. Neno gumu nilikuwa naliruka kama dimbwi. Nahodha wa mashua jina lake lilinishinda, nikamwita Musyoka. Na mfalme, ambaye kwenye picha alikuwa kijitu cha miiba cha kutosha kuingia mfukoni, mama yako alikuwa ameshamfanya nungunungu kabla yangu, baba yako aliniambia, na alifanya vyema, maana mfalme wa kutosha mfukoni ni mfalme gani? Nikawa nakwenda nao vizuri kabisa. Nikafika mahali wanyama wote wamekusanyika kumtawaza binti mdogo, mjukuu wa mfalme, na wanasema, laiti babu yake, marehemu Mzee Nungunungu, angaliiona siku hii.

Ukageuka.

"Marehemu?" ukasema.

Nikatazama ukurasa. "Ndivyo walivyoandika."

"Si alikuwa anavuka mto. Tulimwacha anavuka mto na Musyoka."

Hata kwa hofu ile nilisikia kwamba umesema Musyoka, na nikaona fahari kidogo. Lakini ulikuwa umeketi, blanketi zimeanguka, na uso wako sijapata kuuona tena hivyo tangu siku ile. "Alikufa lini?" ukauliza. "Nani alikuwa naye? Mbona hamkuniambia?"

Nikaanza kujitetea. Nikasema sijui, mimi ni mgeni, nilichanganya namba, ni makosa ya kaki. Nikaeleza habari ya gundi. Nilieleza gundi kwa urefu, Mwende, Mungu anisamehe, nikakutajia mpaka kiasi cha unga. Nawe ukanikatiza, kwa sauti ndogo, ukasema: "Kama mama."

Nikauliza, "Kama mama vipi?"

"Walisema amesafiri anatibiwa mbali. Kisha akaja wewe."

Ndipo nikaelewa. Hakuna mtu aliyekuwa amekuambia. Mwaka mzima na zaidi! Wazee walikaa wakakubaliana kwamba mtoto wa miaka saba asibebeshwe mambo ya kifo, ukapelekwa kwa Mama Akinyi siku ya mazishi ukapewa soda, kisha ukaambiwa safari, na kila mtu akaendelea kungoja mtu mwingine akuambie. Ndivyo watu wetu wanavyofanya, tena kwa huruma, na sina wa kumtukana. Baba yako alikuwa na hakika unajua. "Watoto wanajua," aliniambia baadaye. Kujua ulikuwa unajua, ndiyo, kama mtu anavyojua kuna kitu chini ya kitanda. Lakini hakuna aliyekuwa amekuketisha akakuambia. Na mimi nilikuwa nimeingia katika nyumba ambayo mwenyewe, kwa hesabu yako, alikuwa njiani anarudi.

Mama Akinyi ningeweza kumwita. Ningeweza kungoja baba yako arudi. Nilitazama mlango mara nyingi. Mwishowe nikakuambia mwenyewe. Nikasema mama yako Syombua alikufa hospitalini, baba alikuwa amemshika mkono, na amezikwa Kangundo nyuma ya nyumba ya nyanya yako, pale pale ulipokuwa unaambiwa usicheze. Sikusema amelala. Sikusema amesafiri. Ulilia mpaka ukatapika, na mimi nikalia, na sikuwa nimemjua hata yule mama. Nililia kwa sababu ulinishika. Ulishika nguo yangu hapa begani ukaikunja mkononi, na niliogopa hata kupumua usije ukaiachia.

Ulipopoa ulisema kitu kimoja tu. "Nataka kuona alipofia."

"Tutakwenda Kangundo, kwenye kaburi lake," nikasema.

"Huko pia. Lakini Mzee Nungunungu kwanza."

Basi tukaanza kumtafuta. Baba yako alirudi akatukuta sakafuni, karatasi za kaki zimechanika kila mahali, mimi na kisu cha jikoni nakwangua gundi, wewe na pua inayotiririka unalinganisha picha. Akauliza kuna nini. Ukamwambia, "Namtafuta alipofia, kwa sababu nyinyi mnaficha." Nikadhani atanigombeza. Alivua kofia yake ya udereva, akaiweka juu ya redio, akakaa chini sakafuni na sare yake, akachukua kitabu kimoja akaanza kukwangua.

Tulimpata katika kitabu cha saba. Mfalme mzima, shujaa wa vita vyote vile, na hakufia vitani. Alifia kitandani akibishana na daktari kuhusu dawa chungu. Alisema hainywi, daktari akasema utakunywa, akasema sinywi, na akiwa bado anasema sinywi akafa. Ulicheka. Macho yamevimba, na ukacheka mpaka kikohozi kikakushika. Kisha ukamgeukia baba yako. "Na mama alibishana?"

Baba yako akakiweka kitabu chini. Nikasema moyoni, sema tu, mzee, usitandike mkeka sasa.

"Sana," akasema. "Alikataa uji wa hospitali. Alisema hauna sukari, na kama wanataka aunywe waje wauonje wao kwanza."

"Wakauonja?"

"Muuguzi mmoja aliuonja. Akakubali hauna sukari."

Mlikaa hapo mkiulizana na kujibiana kuhusu Syombua mpaka chakula kikapoa, na mimi nilikaa nanyi, hakuna aliyeniambia niondoke. Hilo kwangu lilikuwa kubwa. Na usidhani kesho yake uliniita mama. Wapi! Ulikohoa kama kawaida. Ilipita miezi. Siku yenyewe ilipofika nilikuwa nje kwenye mfereji wa maji nikifua, nimejaa sabuni, ukapiga kelele kutoka dirishani blok nzima ikasikia: "Mamaaa! Maharagwe yanaungua!" Mama Akinyi akaniambia, "Kimbia basi." Nikamwambia yaungue. Tulikula maharagwe meusi siku hiyo na sijapata kula chakula kitamu namna ile.

Baadaye chumba hiki kilivyojaa watoto wa mtaa wakija kusomewa kila Jumamosi unakumbuka mwenyewe. Na ule ugomvi wenu! Wengine wanataka kwa namba. Wengine, baada ya kugundua kwamba kitabu cha kumi na moja kinaeleza ujana wa Mzee Nungunungu, wakasema hicho ndicho cha kwanza, ujana unatangulia uzee. Yule kijana wa blok ya chini akasimama mbele yangu kama mbunge: "Mathe, tuanze na ile ya vita, hizo zingine ni za kulala." Na wewe ulikuwa unawajibu kwa ukali, "Kitabu cha kwanza ni kile ulichokiingilia." Nilidhani ni ujeuri. Sasa naona ulikuwa na akili kuliko mimi na wao.

Kwa hiyo Alhamisi uliponiuliza ya pili ama ya kumi na moja, nilishangaa. Nikagundua pia umeshapanga: sura moja Jumatatu, sura moja Jumatano, mpaka Krismasi. Mwalimu ni mwalimu, na katika hilo umetoka kwa Syombua. Lakini mwanangu, huo mpango wako ni karatasi ya kaki. Ni nadhifu, na unafunika namba. Mtoto yule yuko mahali fulani katika hadithi yake mwenyewe, na wewe hujui ni kitabu cha ngapi, na Musau naye hajui, hata akikuapia. Nilimuuliza juzi kama mtoto anajua habari za mama yake. Akasema, "Mama, watoto wanajua." Nilitaka kumpiga na mwiko. Nilimwona baba yako kwa pembeni anatazama viatu vyake.

Kwa hiyo katoni nimeifunga tena lakini kamba sikuikaza. Ukifika, iache wazi mahali atakapopita. Usimsomee mgongo wake kama nilivyofanya mimi, ingawa kwangu mgongo ulifaa. Akikuuliza kitu kigumu usianze kueleza gundi. Na akikukoholea, itika. Utakosea mengine ambayo mimi sikuyafikia, na utaniandikia, nami nitakucheka kwanza ndipo nikujibu.

Nami pia naogopa, niseme tu. Naogopa nyumba hii itakuwa kimya, nibaki na mtu anayesema "atazoea". Nilikupata nusu ya hadithi imepita, Mwende, na sijawahi hata siku moja kusikitika kwamba sikuanza mwanzo. Nakupenda. Nimeliandika sasa ili nisiliseme kesho mbele ya watu nikaharibu poda niliyonunuliwa.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini ngoja.

Nilikuwa nimeinama naandika, nikasikia katoni inafunguka. Ndinda ameshuka kutoka kwenye sanduku na ameitoa kamba ya katoni. Hakuomba, nami sikugeuka, nimeendelea kusogeza kalamu kama mjinga. Amechagua kimoja cha katikati, hakutazama namba. Amepindua kurasa mpaka penye picha, na sasa hivi amekuja amesimama karibu na goti langu, ameweka kidole juu ya Mzee Nungunungu.

"Huyu ni nani?"

Nimemwambia ni mfalme wao.

"Bado yuko hai?"

Nilifungua mdomo. Ningemjibu, Mwende, jibu nilikuwa nalo ulimini. Nikasema, "Hilo muulize Mwende. Yeye hatakuficha kitu."

Amekifunga kitabu, ameacha kidole ndani asipoteze ukurasa. "Hata nikimuuliza ya mama?"

"Hata ya mama."

Ameinua pazia, amepita katikati ya wajomba na kuku, na amekwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango na kitabu mapajani. Shangazi mkubwa amemwita aje avae gauni lake. Nimemsikia anamjibu, kwa sauti safi kabisa ambayo sote hatukuijua, "Namngoja Mwende."

Naweka kalamu chini. Nakuja huko kwa msusi mwenyewe kukuchukua, na hizi ndara zangu miguuni. Utatoka kama ulivyo, hata kama wamemaliza upande mmoja.

Mama yako